Ubia wa Gathiya Wagoma Kufa

Jumanne, 2 Januari

Nimepata kazi! Msaidizi wa maabara, sekondari ya wakfu, mshahara kila mwezi, Jumapili nyumbani. Miaka kumi na tisa ya kujitegemea imekwisha kwa heshima. Naanza Februari mosi.

Kuna kijisharti. Barua inasema mwajiriwa asiwe na hisa wala ubia katika biashara yoyote, na alete ushahidi kabla ya Siku ya Jamhuri, tarehe 26 Januari. Kwenye fomu ya maombi nilijaza "sina". Karani wa shule, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, akaandika jina langu kwenye kompyuta, akaigeuza nione. Jentilal Vadgama, mbia, Shubh Gathiya Yantra, ubia wa dhima yenye kikomo, Rajkot. Nikamwambia huo ulishakufa. Akasema kwa serikali uko hai, na mimi ndiye baba yake.

Manjula hakupiga kelele. Alisikiliza yote huku akikunja nguo, kisha akalishusha sanduku lililo juu ya kabati, akaliweka kitandani, tupu, mdomo wazi. Akasema nikiikosa na kazi hii, yeye anakwenda kwa kaka yake Bhavnagar, na safari hii haji hata kwa sikukuu. Sanduku lisiguswe. Libaki hapo hapo.

Nimelala miguu nimeikunja.

Alhamisi, 4 Januari

Nimekwenda kwa mhasibu Kruti. Binti wa miaka ishirini na tisa, anaongea kama anakatakata kitunguu. Nikamwambia nataka kuufunga ubia, leo ikiwezekana. Akacheka kidogo, akachukua karatasi.

Marejesho ya nyuma yote yapelekwe, na faini ya kuchelewa. (Pikipiki imeuzwa. Sitaki kuizungumzia.) Akaunti ya benki ifungwe. Wabia wote wawili waweke sahihi, waape mbele ya wakili wa viapo. Na kubwa kuliko yote, tuape kwamba biashara imelala mwaka mzima, haijapumua hata mara moja. Nikamwambia hapo hana kazi, ubia huu ulizaliwa umelala. Akasema vizuri, basi nije na mbia mwenzangu.

 Juu ya meza yake kuna kopo la biskuti lenye vijiti vya wateja vya kuwekea sahihi kwenye kompyuta, kila kimoja na jina lake. Nikakiona cha Bhupat, ndiye huyo mbia, kina utepe mwekundu. Nikauliza kwa upole kama kweli ni lazima Bhupat mwenyewe asumbuke. Kruti akalichukua kopo akalipakata. Akasema, "Mzee Jentilal, hiyo inaitwa jela."

Nilikuwa nauliza tu.

Jumamosi, 6 Januari

Bhupat ni mwanyumba wangu. Mimi nimemwoa Manjula, yeye kamwoa dada yake, Sharda. Ana duka la beringi. Ana gari. Ana nywele. Miaka mitano hatusemezani.

Niandike ukweli, maana shajara haisomwi na mtu. Mashine yangu ilikuwa ya kukamua gathiya: kinyunya cha dengu kinaingia juu, tambi zinashuka chini moja kwa moja kwenye mafuta ya moto. Rajkot nzima inakula gathiya asubuhi, na zote zinasukumwa kwa mkono. Nani asingewekeza? Siku ya uzinduzi tambi zikatokea juu. Zilimpata mama yake Bhupat, aliyekuwa ameshika nazi ya kuvunja kwa baraka. Usoni, na kwenye sari ya hariri. Bhupat akatangazia wageni kwamba parafujo nimeifunga kinyume. Nikawatangazia kwamba mota kanunua ya mtumba. Tangu siku hiyo tukikutana harusini yeye anazungumza na ukuta, nami nazungumza na ukuta. Ukuta unajua kila kitu.

Leo dukani kwake ilikuwa zamu ya kalenda. Nikaiambia kalenda kuna mtu anahitaji sahihi ya mtu. Bhupat akaiambia kalenda kwamba mtu amesahau huu ni mwezi wa nuksi. Mpaka sikukuu ya kurusha tiara ipite, tarehe 14, nyumbani kwao hakianzishwi kitu wala hakimalizwi, hata kitambaa kipya hakikatwi. Mama hataki. Nikaiambia kalenda mtu huyo siku zake zinahesabika. Bhupat akainuka, akaigeuza kalenda ikatazama ukuta.

Siku kumi na tisa. Mwenye shida si mtu, kweli.

Jumatatu, 8 Januari

Wazo! Mama yake Bhupat hafanyi jambo bila mzee Girjashankar, mtazamia nyota wa karibu na hekalu. Nikampelekea jalebi kilo nzima, za moto. Nikamwomba amwambie yule bibi kwamba kukimaliza kitu kibovu katika mwezi wa nuksi ni jambo jema, nuksi inakwenda na nuksi yake. Mzee akatikisa kichwa kwa uzito mkubwa. Akala. Akasema nyota zinaweza kulitazama jambo hilo.

Saa kumi na mbili jioni Sharda akampigia Manjula simu. Mzee kasema yote, mpaka hesabu ya jalebi. Bibi sasa anasema hata sikukuu haitoshi. Sahihi itawekwa baada ya sikukuu, na baada ya mimi kwenda mlangoni kwake na nazi.

Siendi. Mtu ana heshima yake.

Manjula ameweka shali mbili ndani ya sanduku.

Jumatano, 10 Januari

Pigo. 

Kruti kaniita ofisini. Kwenye meza taarifa ya benki ya ubia wetu, ukurasa mmoja, mweupe kama uso wa mgonjwa. Nikasema si nilikwambia, imelala. Akaweka kalamu kwenye mstari. Rupia hamsini na moja zimeingia, taslimu, siku ya tano baada ya Diwali. Diwali hii iliyopita. Na iliyotangulia. Na nyingine nyuma yake. Miaka mitano, kila mwaka siku ile ile.

Hakuna mtu wa hapa asiyeijua siku hiyo. Ndiyo siku ya kufungua madaftari mapya, unaweka hamsini na moja, au mia na moja, ili mwaka uanze kwa kheri. Moja ile ya juu ndiyo yenye baraka. Lakini nani anamfungulia maiti daftari?

Kruti akasema Msajili wa biashara hajui baraka. Msajili ataona kwamba mwezi wa Novemba ubia ulipumua, na sisi tunaapa kwamba haukupumua. Ombi litarudishwa, na tukianza upya tusubiri mwaka mwingine. Njia ni moja. Aliyeweka pesa hizo ajitokeze, aape mbele ya wakili kwamba hazikuwa za biashara, aeleze zilikuwa za nini.

Nilijua kabla hajamaliza. Bhupat! Miaka mitano ananiwekea sumu kidogo kidogo, hamsini na moja hamsini na moja, ili siku nikitaka kutoka nisitoke. Akili ya shetani. Karibu nimstahi.

Siku kumi na tano.

Jumapili, 14 Januari

Sikukuu ya tiara. Mji mzima uko juu ya mapaa tangu alfajiri. Sisi tuko juu ya paa la Bhupat, kama kila mwaka, kwa sababu wake zetu ni ndugu na wao hawana habari na kalenda wala kuta. Manjula anamenya miwa. Sharda anagawa ufuta wa sukari guru. Bhupat ana tiara nyeusi, amekata uzi wa watu kumi na moja. Wangu kaukata mara mbili.

Mara ya tatu uvumilivu ukaniisha. Paa la jirani walikuwa na spika kubwa na kipaza sauti, wanapigia kelele kila tiara inayokatwa. Nikaruka kiambaza, nikakiomba kipaza sauti. Nikasema katika mtaa huu kuna mtu anaweka rupia hamsini na moja kila mwaka kwenye akaunti ya mwenzake ili kumwangamiza. Nikasema mtu huyo ni punda. Ni mchawi wa mchana. Hana haya, hana akili, na mkono uliozipeleka pesa hizo unyauke. Mtaa wa pili wakapiga makofi.

Bhupat akaacha uzi wake. Tiara nyeusi ikaenda zake. Akaja mpaka kwenye kiambaza, akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano akasema na mimi, si na ukuta. "Jentilal, mimi kwenye ubia ule sijatia hata thumni tangu siku ulipompaka mama unga. Niapishe kwa utakacho, naapa."

Nikamtazama vizuri. Namjua Bhupat akidanganya, sikio lake la kushoto huwa jekundu. Lilikuwa la kawaida tu.

Manjula alikuwa ameacha kumenya miwa. Alishuka ngazi bila kuaga. Nilidhani ni jua.

Jumatano, 17 Januari

Benki. Karani alinizungusha tangu asubuhi, mara faili liko ghala, mara mwenye ufunguo anakunywa chai. Saa nane akaleta hati ya kuwekea pesa ya Novemba. Akaigeuza. Chini, kwenye nafasi ya sahihi ya aliyeleta, mwandiko mdogo ulionyooka, ule ule wa lebo za mitungi ya achari jikoni kwangu.

Manjula J. Vadgama.

Akaniletea na nyingine nne. Zote. Mwaka ule aliokuwa na homa ya dengi, mwandiko umepinda, lakini umeandikwa.

Nimekaa kwenye ngazi za benki mpaka mlinzi akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia hapana.

Nimemtukana mke wangu kwa kipaza sauti, mitaa miwili. Nimeuombea mkono wake unyauke.

Alhamisi, 18 Januari

Si wakati wa kulia, ni wakati wa akili. Siku saba. Kruti ameichapa hati ya kiapo ya Manjula. Kinachotakiwa ni sahihi, halafu twende kwa wakili.

Mpango: leo kulikuwa na karatasi za gesi za kusaini, karatasi za kadi ya mgao, na fomu ya mita ya maji. Nikaiweka hati katikati. Nikamkuta anakanda unga, nikasema saini hapa, na hapa, na hapa, haraka, mtu wa gesi anangoja.

Akanawa mikono. Akavaa miwani. Akasoma karatasi ya gesi, yote, mpaka maandishi madogo. Akasoma ya mgao. Alipofika kwenye hati ya kiapo akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia chini ya kopo la chumvi.

Kisha akaliambia jiko: kumbe mchawi wa mchana anatakiwa na serikali.

Nami nimewekwa kwenye orodha ya watu wa kuzungumziwa kupitia vyombo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Shali zimekuwa nne, na vitana.

Jumamosi, 20 Januari

Nimejaribu yafuatayo. Maua: amempa mbuzi wa jirani. Msamaha kupitia jiko: jiko limejibiwa kwamba chai imekwisha. Msamaha kwa barua: umerudi na kosa la tahajia limesahihishwa. Nikamwendea Sharda anisemee. Sharda akaniambia, shemeji, wewe ukiwa na shida unatafuta mlango wa nyuma hata kama wa mbele uko wazi. Sijui alikuwa na maana gani.

Jioni nilichukua nazi. Nikaenda mlangoni kwa mama yake Bhupat. Nikaivunja kwa mkono wangu, nikamwomba radhi kwa unga ule, na kwa sari, na kwa jalebi pia. Bibi akaokota vipande vya nazi. Akasema alikuwa ameshasahau unga. Kilichomuuma ni kwamba siku ile nilikimbilia kuipangusa mashine kabla sijampangusa yeye.

Bhupat alikuwa nyuma ya pazia. Akauambia mlango: Jumanne saa nne, kwa wakili wa viapo, mtu asichelewe.

Kwa hiyo ninaye mbia. Sina mke.

Jumanne, 23 Januari

Nimeondoka nyumbani peke yangu. Manjula alikuwa bafuni. Nikaacha hati pale pale chini ya kopo la chumvi. Sikuwa na mpango wowote. Mara ya kwanza tangu nipate akili.

Kwa wakili mzee Odhavji, kwenye ukumbi wa mahakama, meza moja, mhuri mmoja, foleni mpaka mlangoni. Bhupat amefika, na Kruti na mafaili yake. Bhupat akaweka sahihi mahali pote, anabonyeza kalamu kama anatoboa beringi. Ikabaki karatasi moja. Kruti akatazama saa. Akasema bila hii hawezi kupeleka kitu. Odhavji akauliza huyo mwanamke yuko wapi. Nikasema sijui. Kweli nilikuwa sijui. Wakati ule hata sanduku sikujua liko wapi.

Saa tano na robo akaingia, na Sharda nyuma yake. Amevaa sari ya njano. Hati iko mkononi, bado ina chumvi.

Odhavji ni mtu wa utaratibu. Akamsomea kwa sauti, foleni nzima inasikia, kisha akamuuliza: pesa hizi, mama, ulizipeleka kwa ajili ya biashara? Manjula akasema hapana. Mashine ile alijua haifanyi kazi tangu siku ya kwanza, parafujo ilikuwa imefungwa kinyume. (Bhupat akakohoa.) Basi zilikuwa za nini? Akasema kila mwaka siku ya kufungua madaftari watu wanavaa wanakwenda madukani kwao, na mume wake hujifanya anaumwa, anajifunika shuka gubigubi. "Nikaona aibu yake inaniuma mimi. Nikawa nakwenda kumfungulia daftari lake. Si la mashine. Lake yeye."

 Odhavji akaugonga mhuri. Nililia, naandika hapa kwa sababu nimesema nitaandika ukweli. Bhupat alifuta miwani yake, kisha akatoa leso, akanipa. Mkononi, bila kupitia kalenda.

Nje tukanywa chai. Kikombe kimoja, Bhupat akamimina nusu kwenye kisahani, akanisogezea kisahani. Kwetu ugomvi ukifika hapo umekwisha. Manjula akaniambia, mimi, si jiko, kwamba nikichelewa kazini Februari mosi atanivunjia nazi kichwani.

Alhamisi, 25 Januari

Ombi limepelekwa. Stakabadhi ya Msajili mkononi! Karani wa miwani ya mnyororo aliisoma pande zote mbili. Akasema inatosha kwa kuanzia, lakini barua ya mwisho ya kufutwa lazima iletwe, la sivyo ajira inakoma. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hii sasa ni kama maji kushuka mlima.

Sanduku limerudi juu ya kabati. Nimenyoosha miguu.

Jumatano, 21 Februari

Sijaandika muda mrefu, watu wenye kazi hatuna nafasi. Wiki tatu za maabara. Nimevunja mirija minne tu. Wanafunzi wananiita mwalimu. Manjula ananifungia chapati za thepla na achari ya embe, na jioni ananiuliza siku ilikwendaje, na ananisikiliza. Bhupat huja Jumapili.

Leo Kruti kapiga simu. Msajili ametoa tangazo: Shubh Gathiya Yantra itafutwa, na yeyote mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja. Asipojitokeza mtu, basi, umekufa. Akasema nisifanye lolote. Alirudia mara tatu, lolote.

Ajabu ni kwamba saa moja kabla ya hapo nilipigiwa simu na mtu wa Jamnagar. Kaiona mashine kwenye picha ya zamani. Ana maduka sita ya gathiya na wakamuaji wake wote wamekwenda Surat. Anauliza naweza kumtengenezea ngapi.

Nimetoka nje barazani, nikaifunua mashine. Manjula alikuwa anaanikia papadi juu yake. Nikaitazama parafujo. Ni kweli, imefungwa kinyume. Kuigeuza ni dakika kumi! Miaka mitano, kumbe dakika kumi.

Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Lakini wahenga hawakuwa na mtu wa Jamnagar. Na zaidi ya hayo, nimefikiri kwa makini, kwa moyo wa shukrani: huu ni ubia ambao mke wangu aliuwekea baraka miaka mitano, hata akiwa na dengi. Mimi ni nani niuue? Hiyo ndiyo ingekuwa dharau. Shuleni sitasema kitu. Barua za serikali huchelewa, kila mtu anajua.

Nimeandika pingamizi. Mpinga: Jentilal Vadgama. Anayepingwa: Jentilal Vadgama. Sababu: biashara iko hai. Nimeambatanisha, kwa ushahidi, nakala za zile hati tano za benki, zenye sahihi ya Manjula.

Bahasha nimeshaipeleka posta. Manjula yuko jikoni anaimba. Nitamwambia Jumapili, Bhupat akiwepo.